Msaidizi Asiyeuliza

"Tengeneza sehemu ya mikopo. Mwanachama akope hadi mara tatu ya hisa zake, riba asilimia tano kwa mwezi, amalize ndani ya miezi mitatu."

Msomee maneno hayo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Dar es Salaam, atakukatiza kabla hujafika mwisho. Riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye deni lililobaki? Mwenye mkopo wa zamani anaruhusiwa kuongeza? Wadhamini wangapi? Ipe mashine ya akili mnemba maneno hayohayo na mara nyingi haitauliza lolote. Itaandika. Baada ya dakika chache unaletewa ukurasa wa mikopo wenye vitufe vya kijani, jedwali la marejesho na mahali pa kupakua risiti ambapo hata hukupaagiza. Ukibonyeza, kila kitu kinakubali.

Sasa ingiza mkopo wa shilingi 600,000. Ikiwa mashine imeamua riba ipigwe kwenye deni linalobaki, na mkopaji anapunguza 200,000 kila mwezi, atalipa riba ya 30,000 mwezi wa kwanza, 20,000 wa pili na 10,000 wa tatu. Jumla 60,000. Ikiwa imeamua ipigwe kwenye mkopo wa awali, ni 30,000 mara tatu, yaani 90,000. Vipo pia vikundi vinavyokata riba yote juu kwa juu siku ya kutoa fedha, mkopaji akaondoka na pungufu. Hesabu hizo zote hazina kosa. Ila kikundi kimekubaliana moja tu kati yake, na ile sentensi ya mwanzo haisemi ni ipi. Mashine imechagua kimyakimya, wala haikukwambia kwamba palikuwa na cha kuchagua.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za vikoba, za maduka ya dawa na za shule ndogondogo. Hazina jina kubwa, lakini ndani yake mna fedha za watu. Siku hizi sehemu kubwa ya msimbo wangu, yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata, inaandikwa na akili mnemba, na sioni haya kulisema. Lililonishangaza ni kwamba tangu mashine ianze kuniandikia, mimi mwenyewe naandika kuliko zamani. Naandika Kiswahili, na nasoma sana kilichoandikwa na mwingine.

Wasaidizi hawa hawakuanza jana. Mwaka 2021 GitHub Copilot ilipotoka, kazi yake ilikuwa kukumalizia mstari uliokuwa umeuanza. Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, watu wakawa wananakili msimbo kutoka kwenye mazungumzo na kuubandika kwenye kazi zao. Mwaka 2025 mambo yakageuka kabisa: wasaidizi kama Claude Code hufungua mafaili wenyewe, huandika, huendesha majaribio, husoma makosa, hurekebisha, kisha hukuambia kazi imekwisha. Februari ya mwaka huo Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliueleza mtindo wa kuiachia mashine kila kitu: unasema unachotaka, unakubali inacholeta, msimbo wenyewe huusomi. Watu wengi waliushangilia wakasahau kwamba yeye mwenyewe aliuona unafaa kwa vitu vya kuchezea mwishoni mwa wiki. Hisa za mama ntilie si kitu cha kuchezea.

Dawa ninayoitumia ni ya zamani kuliko ugonjwa, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni hati ya mahitaji: maandishi yanayosema programu itafanya nini, yaliyokubaliwa kabla mtu au mashine haijaandika msimbo. Mwaka 1986 Fred Brooks, aliyewahi kusimamia mfumo mkubwa wa kompyuta wa IBM, alitoa hoja kwamba sehemu ngumu kuliko zote katika kutengeneza programu ni kuamua kwa usahihi kitengenezwe nini. Wakati ule kuandika msimbo nako kulikuwa kazi ya miezi, kwa hiyo kutoelewana kuligundulika polepole, njiani, watu wakiulizana mezani. Leo msimbo unatoka kwa dakika, na kutoelewana kunatoka nao kwa dakika hizohizo, kukiwa kumevaa vizuri.

Hati yangu ya kikoba ina mistari ya namna hii:

H14. Mwanachama anapoomba mkopo akiwa na deni ambalo halijaisha, mfumo utakataa ombi na kuonyesha kiasi kilichobaki.

H15. Riba ya mkopo ni asilimia 5 ya mkopo wa awali kwa kila mwezi, hata kama sehemu ya mkopo imesharejeshwa.

H16. Rejesho la mwezi likipokelewa baada ya 23:59 ya siku ya mwisho ya mwezi huo, kwa saa za Afrika Mashariki, mfumo utaongeza faini ya shilingi 2,000.

Hakuna ufundi wa lugha hapo, na ndivyo inavyotakiwa. Kila mstari una namba, na mingi ina jambo linalotokea na kinachofuata. Mtindo huu wa sentensi si wangu. Wahandisi wa Rolls-Royce, Alistair Mavin na wenzake, waliutangaza mwaka 2009 walipokuwa wakihangaika na mahitaji ya mifumo ya kuendesha injini za ndege, mahali ambapo sentensi yenye maana mbili haina msamaha. Kiro, zana ya Amazon iliyotoka Julai 2025, huandika mahitaji yake kwa mtindo huo, na miezi miwili baadaye GitHub nao wakatoa Spec Kit, inayomwongoza msaidizi aanze na hati ndipo aje kwenye msimbo. Maneno kama "haraka", "salama" na "rahisi kutumia" nimeyapiga marufuku kwenye hati zangu, kwa sababu hakuna jaribio linaloweza kuyakamata. Saa naziandika kwa mtindo wa 24, maana ukiandika saa mbili usiku, mashine inaweza kukuletea saa nane.

Faida kubwa ya hati hii sikuipata kwenye kompyuta. Niliipata Mbagala, kwenye duka la vitenge la mweka hazina wa kikundi. Mama yule hawezi kusoma msimbo na hana sababu ya kuusoma. Lakini hati ya Kiswahili, iliyochapwa kwenye karatasi, aliipitia na kalamu mkononi akiwa anahudumia wateja. Kwenye H15 akatia tiki. "Hii ndiyo yenyewe, mwanangu. Hata kama amebakiza elfu kumi, riba ni ya ule aliochukua." Akaendelea, akafika kwenye sehemu ya madeni sugu, akasimama.

"Na mwenzetu akifariki na deni?"

"Katiba yenu inasemaje, mama?"

"Haisemi. Tulipata msiba mmoja, tukachangishana tukalimaliza lile deni. Lakini hatukuliandika popote."

Ukiniuliza wapi programu ile ilinusurika, nitakuambia ni pale. Mashine isingeliacha tundu hilo wazi. Ingelijaza kwa kitu kinachofanana na busara: pengine deni lihamie kwa wadhamini, pengine likatwe kwenye hisa za marehemu. Kikundi kingekuja kujua siku ya matanga kwamba kina sheria ambayo hakuna mwanachama aliyeipigia kura. Nikaandika hivi: "H22. Mkopaji akifariki: kikao kiamue. Msaidizi asiandike msimbo wowote kuhusu jambo hili." Mstari unaosema bado hatujui, kwa maoni yangu, ni wa thamani kuliko kumi inayojua.

Ila hati peke yake ni karatasi tu. Septemba 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ya huku duniani ilitoa vipimo vya msukumo kwa paundi, na waliovipokea walivisoma kama nyutoni. Hati ya mahitaji ilikuwepo na ilitaja nyutoni bila kificho. Kilichokosekana ni wa kuhakiki kwamba imefuatwa. Kwa hiyo kila mstari wa hati yangu una jaribio lake, programu ndogo ya kuuhakiki. La H15 huweka mkopo wa 600,000 na kudai riba ya 90,000. Ikitoka 60,000, taa nyekundu inawaka na kazi inasimama.

Hati hukaa kwenye folda moja na msimbo, pamoja na faili fupi ambalo msaidizi hulisoma kila anapoanza kazi. Zana nyingi hulitafuta kwa jina la AGENTS.md, Claude Code hutafuta CLAUDE.md. Linahitajika kwa sababu msaidizi wa akili mnemba ni kibarua anayeletwa mpya kila asubuhi: ana nguvu, ana ujuzi, hachoki, wala hajui jana kwenye saiti kulikubaliwa nini. Mazungumzo mapya mara nyingi huanza bila kumbukumbu ya yaliyopita. Faili langu halizidi ukurasa mmoja. Linasema hati iko wapi, majaribio yanaendeshwaje, fedha zihifadhiwe kwa shilingi kamili bila senti, namba za simu zianze na +255, na mafaili ya majaribio yasiguswe bila ruhusa. Nimeona wenzangu wakilijaza kurasa nyingi hadi likawa kama masharti ya mkataba wa simu; mashine nayo hupitiwa na mambo ikirundikiwa maneno.

Hilo la kutogusa majaribio lina sababu yake. Mwambie msaidizi "hakikisha majaribio yote yanapita", na akishindwa kurekebisha msimbo anaweza kurekebisha jaribio. Badala ya kudai 90,000, jaribio linaanza kudai 60,000, taa inageuka kijani, na ripoti inakuja na alama ya tiki. Hana nia mbaya. Umemwagiza kijani, amekuletea kijani.

Utajuaje kwamba ameligusa? Hapo ndipo inapoingia sehemu ya pili ya dawa, nayo ni Git.

Git ni programu inayotunza historia ya kila badiliko kwenye folda ya kazi. Aliianzisha Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha Linux, Aprili 2005, baada ya wanaotengeneza Linux kunyang'anywa ruhusa ya kutumia bure zana iliyoitwa BitKeeper. Kwa siku chache tu akaandika ya kwake. Tarehe 7 ya mwezi huohuo Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Kabla ya hapo, na hata sasa kwenye ofisi nyingi, historia hutunzwa kwa majina ya mafaili: ripoti_mwisho, ripoti_mwisho2, ripoti_mwisho_kabisa, ripoti_ya_bosi.

Ukimaliza hatua moja ya kazi, unaihifadhi. Hifadhi hiyo huitwa komiti. Inabeba hali ya mafaili yote wakati huo, jina la aliyefanya, saa, maelezo mafupi ya kwa nini, na alama ya herufi na tarakimu 40 inayotokana na yaliyomo. Ukibadilisha hata nukta, alama inakuwa nyingine. Kutoka hapo unaweza kurudi nyuma, unaweza kuuliza mstari huu uliingia lini na uliingizwa na nani, na unaweza kufungua tawi, yaani nakala ya pembeni ambapo kazi mpya inafanyika bila kuugusa msimbo unaotumika. Msaidizi wangu hafanyi kazi nje ya tawi. Na jambo ambalo mtu wa hapa atalithamini: Git haihitaji intaneti. Historia yote imo ndani ya kompyuta yako. Bando ikiisha, msaidizi ananyamaza, lakini mimi bado naweza kusoma alichofanya, kukikubali au kukitupa.

Kusoma ndiyo kazi yenyewe. Kabla ya kuhifadhi, Git hukuonyesha tofauti kati ya jana na leo, mistari iliyoondolewa kwa rangi nyekundu na alama ya kutoa, iliyoongezwa kwa kijani na alama ya kujumlisha. Kuna siku nilimwagiza msaidizi abadilishe kichwa cha risiti kiwe "Stakabadhi". Basi. Neno moja. Tofauti ilipokuja ilikuwa na mafaili mawili. La kwanza lilikuwa lile nililoliagiza. La pili lilikuwa la tarehe, nalo lilisomeka hivi:

- eneo = "Africa/Dar_es_Salaam"
+ eneo = "UTC"

Maelezo yake yalisema ameweka mpangilio wa saa unaokubalika kimataifa. Ni kweli, UTC inakubalika kimataifa. Ila iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mwanachama akituma rejesho kwa simu tarehe 1 Machi, saa saba na dakika ishirini usiku, mfumo ungeliandika la tarehe 28 Februari, 22:20. Aliyechelewa anakwepa faini ya H16. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hesabu ya Februari, ambayo mwenyekiti huifunga na kuitia saini, inaongezeka yenyewe baada ya kusainiwa, na Machi inapungua kwa kiasi hichohicho. Jaribu kumweleza hilo mkaguzi wa kikundi, au wanachama thelathini wanaojua kila shilingi yao ilipo. Kwa amri moja ya Git lile faili la pili likarudi lilivyokuwa, la kwanza likahifadhiwa.

Badiliko lile lilikuwa na mistari michache, ndiyo maana lilionekana. Kwa sababu hiyo nawalazimisha wasaidizi kwenda hatua fupi: hitaji moja, tawi moja, komiti moja, na namba ya hitaji iandikwe kwenye maelezo ya komiti. Tofauti ya mistari sitini naisoma yote. Ikija ya mistari elfu mbili, naitupa bila kuisoma na kuagiza kazi ianze upya kwa vipande. Zamani kumwambia mtu hivyo ungekuwa umemkosea heshima baada ya wiki nzima ya jasho lake. Mashine haina wiki ya kupoteza.

Lakini asije mtu akadhani Git ni kinga ya kila balaa. Inatunza msimbo, haitunzi fedha na majina yaliyo kwenye kanzidata. Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akitumia msaidizi wa kampuni ya Replit, akawa ameagiza pasibadilishwe kitu. Msaidizi akafuta kanzidata iliyokuwa ikitumika, yenye taarifa za wakuu wa kampuni zaidi ya 1,200, kisha akadai haiwezi kurudishwa. Ilirudishwa. Mkuu wa Replit aliomba radhi, na kampuni ikaanza kutenganisha kanzidata ya kujaribia na ile ya kazi. Somo hilo naliweka kwenye vitendo kwa ubahili: msaidizi hapewi nywila ya kanzidata halisi, hata kwa dakika tano. Anafanyia kazi wanachama wa kubuni wenye hisa za kubuni. Hilo pia linanilinda na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa majina na namba za simu za akina mama wa Mbagala hazina shughuli yoyote ya kwenda kwenye seva za kampuni ya ng'ambo. Na nywila isiwekwe kwenye Git kamwe, kwani inayokumbuka kila kitu inakumbuka na siri. Ukiifuta leo, kwenye historia bado ipo.

Wapo wanaosema utaratibu huu unapunguza kasi. Unapunguza. Kuandika hati ya kikoba kulichukua muda mrefu kuliko mashine ilivyochukua kuandika programu yote. Hati nayo huchakaa: kikundi kikipandisha faini, mtu akarekebisha msimbo na kuiacha hati, baada ya mwezi una nyaraka mbili zinazopingana na msaidizi mgeni ambaye ataamini ile atakayoisoma kwanza. Kwa hiyo hitaji na msimbo wake vinabadilika ndani ya komiti moja, la sivyo havibadiliki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa H22. Kikao kilikaa, kikabishana, kikaamua: mkopaji akifariki, riba inasimama siku hiyohiyo, na deni linalobaki linalipwa kutoka mfuko wa jamii. Mweka hazina akanipigia, nikaiandika kwa maneno yake, nikamsomea kwa simu, akasema sawa. Msaidizi akafungua tawi. Hesabu aliipatia mara moja na majaribio yakapita. Ila chini kabisa kwenye tofauti palikuwa na mistari kumi na tano ya kijani ambayo hakuna aliyeiagiza: mwanachama akisharekodiwa kuwa amefariki, mfumo umtumie mtu wake wa karibu ujumbe wa simu wenye salamu za rambirambi na salio la mkopo.

Nikaifuta. Nikampigia mama kumweleza, akaguna, akasema hayo mambo hatutumiani kwa simu. Kwenye hati, chini ya H22, sasa kuna H23: "Mfumo hautatuma ujumbe wowote kwa ndugu wa marehemu. Mweka hazina na mwenyekiti watakwenda wenyewe."